Pampu Iliyolala Chini ya Mulamula

Kituntu,
S.L.P. 31,
Karagwe.
11 Oktoba 1987

Mpendwa kaka Celestin,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Mtwara ukiwa mzima, wewe na wifi Dafroza na watoto. Kile kifua chako kimepona? Sisi huku tu wazima. Mama anatembea vizuri, goti tu linamsumbua asubuhi za ukungu. Mimi bado naota mchana kweupe kama ulivyonizoea. Juzi nimeunguza maharage nikitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni.

Ulipokuja kumzika baba uliuona ule mti wa mulamula katikati ya migomba yetu, na mama akiketi chini yake kila Jumapili baada ya misa. Niliukuta niliporudi kutoka Kibingo mlikonipeleka wakati wa vita. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wanyambo hupanda mulamula mipakani na makaburini, na pale si mpakani. Basi nikaamua mwenyewe kwamba ni kaburi la dada yetu Uwimbabazi, aliyekufa mdogo kabla sijazaliwa. Sikumuuliza mtu. Miaka minane nimempelekea maua na kumsimulia mambo yangu yote, hata ya Gosbert, ambayo wewe huyajui na leo hutayajua.

Mwezi uliopita ilinyesha mvua ya kwanza, yenye upepo, na mulamula ukaanguka. Mizizi ikainuka na gunia bovu, na ndani ya gunia chuma. Kaka, nilipiga yowe! Chuma kaburini kinatafuta nini?

Akaja jirani yetu Projest, fundi wa baiskeli na wa mashine za kumenyea kahawa. Akakipiga kwa kidole, akasema bila wasiwasi kwamba ni mashine ya kahawa ya zamani sana. Tukachimba. Kikatoka kitu kirefu kuliko mimi, chenye mpini ubavuni, na juu yake mitungi miwili ya kioo iliyofungwa kwa majani makavu ya migomba. Mama akaja na goti lake, akatazama.

"Projest, umeona wapi mashine ya kahawa yenye vioo? Hiyo ni pampu ya petroli. Ni ya baba yao."

Ndiyo ile aliyoisimamia baba dukani kwa tajiri wake, wewe ukiwa kijana, akaachiwa tajiri huyo alipohama. Ndege za adui zilipoanza kupita mwaka ule wa vita, baba aliogopa vioo vitang'aa na kutuletea mabomu, akaizika. Mulamula aliupanda ili mtu asichimbe pale.

Tangu siku hiyo Projest hakulala vizuri kwa furaha. Tuliisugua kwa mchanga na majivu, bolti tukazilowesha mafuta ya taa siku nne. Rangi nyekundu ikaanza kuchungulia, kisha tarakimu za galoni. Ngozi ya ndani ya pampu ilikuwa imekauka kama ganda la mti, Projest akakata nyingine ya ng'ombe na kuilainisha kwa samli. Mtungi mmoja una ufa, tumeuacha hivyo hivyo.

Petroli tungeitoa wapi? Tulijaribu kwa maji. Nilivuta mpini, nikaurudisha, nikavuta tena, na maji yakapanda ndani ya kioo polepole yakiwa na jua ndani yake na migomba yote imepinduka kichwa chini. Nikasahau kuyafungulia. Nilimwona baba kabisa, na kofia yake. Nililia, kaka, na Projest akajifanya anatafuta spana.

Mama hakuja kutazama. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa lile shimo.

"Mama, kumbe ulijua kwamba si kaburi?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ni chuma," akasema. "Mtoto wangu tulimzika ng'ambo ya mto, tukiikimbia nchi yetu, hata jiwe hatukumwekea. Nilitaka mahali pa kukaa tu. Mungu alijua namwita nani."

Nikaona aibu kwa furaha yangu yote. Nikamwambia tutairudisha pampu chini leo hii. Akakataa, akisema baba angefurahi kuiona juani. Kinachomwumiza ni kingine: sura ya mtoto inamtoka. Anakumbuka kilio chake, anakumbuka kanga aliyomfunikia, lakini uso hauji tena.

Wewe ulikuwa na miaka minane, na ndiye uliyembeba mgongoni hadi mtoni. Tafadhali kaka, mwandikie mama. Andika macho yake yalikuwaje, alichekaje, alikuwa akikuita nani. Najua hupendi kuzungumzia safari ile, nami sijawahi kukuuliza, ila leo nakuomba. Nitamsomea mama barua yako, kisha amesema tuizike pale na kupanda mulamula mpya juu yake. Safari hii anataka pawe na kitu cha Uwimbabazi.

Nisalimie wifi, na umbusu Karekezi mdogo mashavu yote mawili. Mama anakusalimu, na Projest pia, anayetaka uje kuiona pampu kabla hajaanza kuwatoza watu kiingilio. Mungu awalinde usiku na mchana, awape chakula na usingizi.

Shimo tumelifunika kwa majani ya migomba lisijae mvua. Usikawie.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Vestina