Mdomo wa Nzi na Mdomo wa Ua

Dada Neema,

Shikamoo. Songea kuna baridi, sweta lako silivui hata mezani, usinune. Uliniagiza nisirudi bila kuongea na watu, ila siku tatu nimekuwa naitikia tu, mpaka binamu Tumaini akanibatiza "Domo Zege".

Leo tukimenya viazi nyuma ya jiko la bibi, nzi alitua kwenye ua la okidi, pale petali ya chini inapojitokeza kama mdomo uliobinuka. Nzi naye ana mdomo laini kama sponji. Shuleni yote miwili tunaiita labelamu. Kiswahili chake sikijui. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Bibi, midomo yao imekutana!"

Bibi akaweka kisu chini. "Wewe mtoto! Siku tatu umenyamaza, ukifungua mdomo ni habari za kubusiana?"

Tumaini alicheka mpaka kiazi kikamponyoka. Nilitamani kujificha ndani ya sufuria, dada, lakini nikacheka pia, halafu nikawaeleza yote hadi chai ikapoa. Sasa bibi ananivuta mkono kwenye kila ua: "Na hili, mdomo wake uko wapi?"

Nimekukumbuka sana. Mwambie mama zege limepasuka.

Mdogo wako,
Zawadi