Siku Niliyoandika Kwenye Chupa

Mpendwa Mama Nyaboke,

Ni mimi, mwenzako. Tuliolewa na ndugu wawili, nyumba zetu zikatazamana, na miaka yote ile hatukuongea ila Ekegusii. Leo nakuandikia kwa Kiswahili changu cha darasa la nne, kwa kuwa ile karatasi ya chupa niliiandika kwa Kiswahili. Tena nataka na wengine wasome.

Unakumbuka Bwana Afya alivyokuja na pikipiki yake, akasimama kwenye chemchemi yetu bondeni, akauliza ni nani anajua kuandika? Ulinisukuma mgongoni. "Huyu hapa! Huyu huandika hata maombi yake, Mungu asije akasahau." Watu wakacheka, nami nikawa mwanamke wa maji.

Alinifundisha polepole. Chupa imepikwa kwa mvuke hospitalini, usiisuuze. Kifuniko usikiweke chini. Shika kitako cha chupa, mdomo uelekee maji yanakotoka, na juu uache nafasi kidogo. Kisha uifunge kwa kitambaa kibichi na majani ya mgomba, uifikishe kituo cha afya kabla ya saa sita mchana; njia ikikuzuia, ilale mahali pa baridi. Wewe ulikuwa nyuma yangu ukiiga mikono yake, ukishika chupa ambayo haipo.

"Maji ya kiangazi hayaniambii kitu," alisema. "Nataka ya mvua kubwa ya kwanza, ikiwa bado inanyesha. Hapo ndipo nitajua vyoo vya huko juu vinashusha nini." Mpaka ajue, kila boma lichemshe maji ya kunywa. Akaniachia chupa moja na karatasi ya kubandika: mahali, siku, saa, mvua ipo au haipo.

Mvua ile ikaja Sabato. Ilianza alfajiri, ikashuka na udongo mwekundu mpaka njia ya chemchemi ikawa mto. Nilikuwa nimeshateka maji yangu Ijumaa, nimevaa nguo ya kanisa, Biblia nimeifunga kwenye nailoni. Ukanipigia kelele kutoka mlangoni kwako:

"Mama Ogeto! Mvua yenyewe inafanya kazi leo, na wewe umekaa?"

"Ni Sabato."

"Basi nipe mimi hiyo chupa. Mimi ni Mkatoliki, Jumamosi kwangu ni siku ya kufua."

"Yaya, sikupi. Nilifundishwa mimi. Wewe utaisuuza."

Ulitazama mikono yako. Kisha ukarudi ndani. Nimejiuliza mara nyingi mbele za Mungu. Sabato ilinizuia kuteka, sawa. Lakini haikunizuia kukupa wewe chupa. Hicho kilikuwa kiburi changu, nikakivika nguo ya kanisa.

Jumapili asubuhi nilishuka. Mvua ilikuwa imekatika tangu jana yake jioni, maji yametulia, unaona mchanga chini. Nikashika kitako cha chupa, nikaacha nafasi juu, kila kitu kama nilivyofundishwa. Halafu karatasi. Nilimfikiria Bwana Afya akiniuliza kwa nini nilichelewa, nikaona aibu. Nikaandika: Jumamosi. Saa moja asubuhi. Mvua ipo. Chupa nikaipeleka nikasema niliiweka mahali pa baridi usiku kucha kwa sababu ya njia mbaya. Akanihurumia, akanipa chai.

Jibu likaja kwamba maji ni mazuri. Ulifurahi kuliko wote! "Kuni zangu zimepata likizo," ulisema, ukamnywesha Nyaboke kwa kikombe cha bati moja kwa moja kutoka kwenye mtungi, ukanywa na wewe. Mimi nilisimama pale. Ningesema neno moja tu, chemsha. Mimi nyumbani kwangu nilikuwa bado nachemsha.

Homa ya matumbo ikakushika kabla kahawa haijaanza kuiva. Tulikubeba kwa kitanda kuelekea Keroka tutafute gari, nami nilikuwa upande wa kichwa. Uliniomba maji. Nilikuwa nayo, yamechemshwa, nimeyatia kwenye chupa ya soda. Ulikunywa ukasema, "Yako ni matamu, Mama Ogeto." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwako. Gari hatukulifikia.

Baada ya kukuzika Bwana Afya alikuja akateka mwenyewe, mvua ikimlowesha. Safari hii jibu lilikuwa baya. Akafungua daftari lake, akaniuliza taratibu, "Mama, ile ya kwanza pia ilikuwa kwenye mvua, si ndiyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema basi kosa ni lake, labda hakuyapima maji vizuri. Aliondoka akiwa ameinama. Nikamwacha aende na kosa langu.

Nyaboke sasa ni msichana mkubwa, yuko darasa la saba. Nilimlea mimi. Ananiita mama bila kufikiri. Ananisifu kwa wenzake kwamba mama yake hupima maji, kwa maana bado napima. Mvua kubwa ya kwanza ikija Sabato nashuka, na wazee wa kanisa waliniita wakaniuliza. Niliwajibu kwamba Bwana wetu aliponya siku hiyo. Sababu yenyewe sikuwaambia.

Ameniomba nimfundishe. Juzi nilimwona anashika chupa, kitako mkononi, mdomo kwenye maji, na ile mikono ni yako kabisa. Nikashindwa kumwambia aandike nini kwenye karatasi.

Kwa hiyo barua hii anaisoma yeye kwanza, leo, kabla haijasomwa kanisani kwako na kwangu. Kama akitoka mlangoni bila kuniita mama, sitamfuata. Nitabaki nimekaa. Wewe lala, dada. Nilisema ungeisuuza, na wewe ndiye ungeijaza kwa haki.

Mwenzako wa boma moja,
Mama Ogeto

Nimeiandika Jumapili. Ni Jumapili kweli.