Anza na Sericho

Isiolo, 9 Mei 1981

Mwanangu Bonaya,

Salaam aleikum. Sisi wazima, na mimi nimenenepa kwa furaha. Ile picha yako ya huko Addis Ababa, umesimama na tai mbele ya bendera za Afrika nzima, nimeitundika hapa sokoni tunapouza maziwa. Mama Denge aliuliza, "Huyu ni waziri?" Nikamwacha aamini.

Kila mteja namwambia: mwanangu ni injinia, anapanga maji ya Afrika mpaka mwaka elfu mbili. Wengine siku hizi wananunua maziwa kwingine, lakini huo ni wivu tu.

Jana Mumina, unaujua mdomo wake, akasema mbele ya watu, "Gumato, huyo wa Afrika nzima hawezi kutengeneza pampu ya Sericho?" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, halafu kicheko kikaisha, kwa sababu pampu ya kisima cha kijijini kwetu imekufa kweli, na baba yako yuko huko na ng'ombe. Anawapeleka mbali kunywa, na miguu yake ile mibovu. Hakutaka nikuambie.

Basi nikamjibu Mumina kwamba sikukuu ya Idd utakuja na vyuma vyako, utaitengeneza mwenyewe. Sasa soko lote linajua. Mwanangu, usiniaibishe. Afrika ni kubwa, haitakimbia. Anza na Sericho, baba yako apumzike, halafu urudi kwa bendera zako.

Mama yako, anayekusifu mpaka koo linauma,
Gumato