Nyumba Yetu Ilijengwa Lini

Mjukuu wangu Maria,

Huku wazima. Bibi yako yuko shambani Mwamkulu anavuna mpunga, anakusalimu.

Umeuliza nyumba yetu ilijengwa lini. Hata mimi nachanganyikiwa. Miaka ya sabini tuliizungushia nyumba yetu ya udongo kuta za matofali, huku tunaishi ndani. Hapo akaja bwana ardhi kuandikisha nyumba za mji.

"Ndugu, niandike mpya au ya zamani? Mpya bila kibali inabomolewa."

Nikatazama kuta za nje, nikatazama za ndani. Bibi yako akaita kutoka ndani, "Ya zamani! Mimi sijahama!"

Akaandika ya zamani. Baadaye tukaibomoa ile ya udongo, tukautoa udongo wote mlangoni kwa karai. Kitanda chetu tu hakijavuka mlango mpaka leo.

Sasa nikikutajia mwaka, si nitakudanganya?

Babu yako