Mavyaa Ameshaalika Mtaa Mzima

Mpendwa Bi Mejumaa,

Assalaam alaykum. Naomba msaada wako, na ukinikaripia nitavumilia, maana usingizi umenipaa. Mimi ni mhadhiri wa uhasibu hapa Mombasa, zamani nilikuwa mkaguzi wa hesabu katika kampuni ya malori kule Shimanzi, na wasifu wangu wa chuoni unasema natafiti hesabu za biashara za kifamilia za Mji wa Kale, sasa chuo kimeniteua nitoe mhadhara Jumamosi kuhusu utafiti huo, nami badala ya kufurahi natafuta kisingizio, kwani yule "Bi M., muuza halua wa Kibokoni" niliyemwandika humo ni mavyaa wangu, Bi Mwanakuu, mamake mume wangu. Nilidhani kumficha jina kunatosha, lakini nimeandika vile mwanawe mkubwa anavyochota fedha za duka, na mama anavyouza bangili zake ajazie pengo ili wale wadogo wasijue, na mwanawe huyo ndiye mume wangu, Zakariya. Haya aliniambia jikoni tukikuna nazi, akilia, nikampangusa machozi, kisha nikaenda nikayaandika.

Utafiti ni wa Kiingereza, mavyaa hawezi kuusoma, ila mhadhara utakuwa wa Kiswahili, na ameshaalika majirani na wanawe wote. Jana alinishika mkono akaniambia, "Mimi n'takaa mbele kabisa, nataka watu wamuone mkaza mwanangu." Huyu ndiye aliyenilelea watoto nikisomea uzamili. Je, nijitie mgonjwa? Au niseme Bi M. ni wa Lamu?

Mwenye Hofu, Mji wa Kale

Binti yangu,

Wa alaykum salaam, na pole, ingawa pole yenyewe ni ndogo. Ukijitia mgonjwa, atakuja yeye huyo huyo na uji wa pilipili manga akuuguze. Na watu wa Lamu wamekukosea nini?

Kosa lako si jina. Mama yule alizungumza na mkaza mwanawe, hakuzungumza na mhadhiri. Aliyokwambia yalikuwa amana, na amana haihalaliki kwa kuandikwa herufi moja badala ya jina. Ulipokuwa mkaguzi ulijua la kutoa nje na la kuacha ndani. Nyumbani mwako ukasahau.

Leo hii wapigie chuo uwaambie mfano huo umeuondoa, kwenye mhadhara na kwenye maandishi. Wakikasirika, wakasirike. Kisha nenda kwa Bi Mwanakuu peke yako, bila Zakariya, umwambie ulichoandika na nani wamekisoma. Usimwombe ruhusa, wakati wa ruhusa umepita. Muombe radhi. Habari za mumeo na nduguze mwachie yeye, ni wanawe.

Huenda asikusamehe. Basi utasimama ukumbini hujasamehewa, utafundisha, na asubuhi yake utakwenda kumwamkia, na asubuhi ya pili pia, hata kama haitikii.