Firigisi ya Mkwe

Shikamoo dada Atu,

Huyo tembo wa kwenye picha, upande wa pili wa kadi hii, sijamwona. Nimeona mpunga, ng'ombe na jua la Rujewa, lililonikuta ndani ya sweta lako la Mbeya. Ushauri wako kwamba nikifika ukweni niongee mambo ninayoyajua umenisaidia mno. Asante sana.

Waliniwekea firigisi ya kuku, heshima ya mkwe. Mwalimu wa baiolojia ningekaaje kimya? Nikawaeleza kwamba hata nyungunyungu ana firigisi, anasagia udongo. Kwamba zamani sana wanyama walikuwa kama mfuko wenye tundu moja tu: chakula kinaingilia hapo, na mavi yanatokea hapo hapo. Baadaye wakapata tundu la pili, katikati pakawa na nafasi ya tumbo na firigisi, na mbele kikaota kichwa. Nikaongea kama niko mbele ya Kidato cha Tatu.

Mchumba wangu Kulwa alibaki ameshika jagi la kunawia, macho chini. Mama yake alirudisha mnofu kwenye bakuli. Baba yake akatafuna taratibu, akameza, ndipo akasema:

"Mwalimu, huyo wa tundu moja nimempenda. Akiwa anakula, hakuna kinachomtoka mdomoni."

Firigisi nimeila kimya. Posa watajibu wakishavuna. Mwambie mama aombe sana, na wewe usinishauri tena.

Nakupenda hivyo hivyo,
mdogo wako Ambakisye