Kuchelewesha Stima

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua haiteremki, na nguo nilizoanika jana bado mbichi kambani. Lakini nimeshinda nikicheka peke yangu, kwa hiyo naandika.

Kwanza niungame. Jumatatu nilijiona fundi.

Amplifaya ya msikiti wa mtaa wetu ina ugonjwa: stima ikikatika na kurudi, spika hutoa kishindo kama mtu ameangusha gunia la mchele darini. Spika mbili zimeshaungua. Kamati ilitaka kuipeleka Mombasa. Ami Athman, ndugu mdogo wa marehemu baba na ndiye muadhini, akasimama mbele ya wazee akasema fundi tunaye, tena ni binti yetu. Wakampa mpaka Ijumaa.

Yaani kesho.

Dawa yake si ngumu. Unaweka relei ndogo, yaani swichi inayojifunga yenyewe, kati ya amplifaya na spika. Stima ikirudi, relei inangoja amplifaya itulie, ndipo inaunganisha spika. Nilichora saketi kwenye kompyuta, nikaipa relei sekunde moja ya kungoja, nikaiendesha kwenye programu ya kuigiza saketi. Mstari ukatoka umenyooka, kishindo hakuna. Relei ilionekana imeshaunganisha tangu sekunde ya sifuri, na hilo halikunishtua hata kidogo. Anayetaka kusifiwa haulizi maswali.

Nikachomelea saketi yenyewe. Ami akaja kujaribu barazani kwetu kwa spika kuukuu, kikombe cha kahawa mkononi. Akawasha. Kishindo kile kile, na kahawa yote ikaishia kwenye kanzu.

"Mwanangu," akasema akijipangusa, "kwani kwenye kompyuta yako stima haikatiki?"

Jumanne nzima nilishinda nikikagua saketi, kosa silioni. Mimi ningesemwa siku mbili yakaisha, lakini Ami ameweka neno lake mbele ya watu.

Mficha uchi hazai. Jana nikaweka mchoro wangu wazi kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni, makosa na yote. Mtu nisiyemjua hata nchi yake akanijibu. Programu ile, kabla ya kuanza kuhesabu, hutuliza kila kitu kwanza: kapasita, vile vihifadhi stima, zimeshajaa, relei imeshafunga, kana kwamba stima ipo tangu dunia iumbwe. Akasema niicheleweshe stima yenyewe. Ianze sifuri, ikae hivyo nusu sekunde, ndipo ipande.

Ami alikuwa ameshaniambia, nami nilidhani ananitania.

Nikaichelewesha. Kishindo kikatokea kwenye kioo cha kompyuta, mlima mzima, na sijawahi kufurahia kuona kosa langu namna ile. Amplifaya ilitaka karibu sekunde tatu kutulia, na relei yangu ilikuwa ikiunganisha spika katikati ya vurugu. Nikabadilisha kapasita inayopanga muda, kwenye kompyuta kisha kwenye saketi yenyewe, ikawa inangoja sekunde tano.

Leo baada ya adhuhuri Ami ameirudisha amplifaya msikitini. Saa tisa stima ikakatika. Hapa kwetu hilo haliombewi dua. Nilikuwa nachambua mchele, nikauacha. Iliporudi, friji ikanguruma, redio ya jirani ikadakia habari katikati, nami nikahesabu kwa vidole. Tano. Sita. Kumi.

Msikitini, kimya.

Alasiri sauti ya Ami ikatoka safi. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

Baada ya sala akapita nyumbani, uso umemchanua.

"Nimewambia wazee ni kazi yako," akasema. "Wanena, kumbe haikuwa na ndwele kubwa."

Tukacheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Iliniuma kidogo, lakini kidogo tu. Wangeisikia kazi yangu, maana yake ningekuwa nimeshindwa.

Kesho stima ikikatika katikati ya hotuba, itarudi, na hakuna atakayeruka wala kugeuza kichwa. Mimi nitakuwa hapa nyumbani, nikihesabu mpaka tano.